Nimepata boti ya kuishi Birmingham, mke wangu hataki: ninunue?

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako tangu nikiwa Tanga, sikudhani kama siku moja na mimi nitakuandikia. Ni mwenyeji wa Pangani, nina miaka 36, kwa sasa naishi Birmingham, Uingereza. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, zamu za usiku. Karatasi zangu ziko sawa, nina ruhusa ya ukaazi wa kudumu. Mshahara wangu ni pauni 27,000 kwa mwaka kabla ya makato. Nimepanga chumba kimoja, jiko na bafu tunashirikiana watu watano, na kila mwezi zinaondoka pauni 620 ambazo sizioni tena.

Mwezi uliopita nilikuwa napita kando ya mfereji nikaona boti nyembamba ya chuma, zile ndefu zenye maua yaliyochorwa ubavuni, imebandikwa tangazo la kuuzwa. Ina futi 57, imeundwa mwaka 1994. Ndani kuna jiko la kupikia, jiko la makaa ya kupashia joto, choo, kitanda cha watu wawili na kiti kirefu kinachokunjuliwa. Mwenyewe anataka pauni 36,000. Mimi nina akiba ya 26,000, na rafiki yangu yuko tayari kunikopesha 10,000 bila riba.

Muuzaji ni mzee mcheshi. Ananiambia nikiwa nahamahama kila baada ya wiki mbili silipii kuegesha popote, nalipa leseni tu. Nilipotaja kumleta mkaguzi alicheka. Anasema boti ina cheti cha usalama hadi mwaka 2027 na chini ilipakwa lami mwaka jana, sasa fedha za mkaguzi za nini? Na eti kuna mtu mwingine anakuja na taslimu, kwa hiyo nimpe jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi, baba yangu alikuwa na mashua. Nimekua nikikumba maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo, na kupaka deheni, mafuta ya kuzuia maji, chombo hakinitishi. Shida ni mke wangu. Yeye na binti yetu wa miaka mitano wako nyumbani, tumepanga waje mwakani. Nilimwonyesha boti kwa video, akanyamaza, kisha akasema: "Mimi mtoto wa mvuvi, nimekesha sana nikimsubiri baba arudi baharini. Leo unataka nilale ndani ya chombo chenyewe, na baridi juu?" Shemeji zangu nao wanasema fedha hiyo ninunue kiwanja.

Je, ni kweli naweza kuishi bila kodi? Na matengenezo yake yanazidi yale ya mashua?

Mwana wa Pangani, Birmingham

---

Marahaba mwanangu.

Usiinunue boti hiyo kwa masharti hayo, na akiba yako usiiguse mpaka mkeo na mtoto wawe wametua. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza.

Umeniambia unalipwa 27,000. Tangu Aprili 2024, mtu anayetaka kumleta mwenzi wake Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Umepungukiwa 2,000. Sheria inakuruhusu kuziba pengo hilo kwa akiba, lakini pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi, na juu yake unatakiwa uwe na mara mbili na nusu ya kiasi kilichopungua. Piga hesabu: 16,000 na 5,000, jumla 21,000, na ziwe zimekaa mikononi mwako miezi sita. Wewe unazo 26,000. Kwa maneno mengine, fedha unayotaka kuigeuza chuma ndiyo huenda ikamvusha mkeo. Siku utakayomkabidhi yule mzee, utakuwa umepata boti na umeipoteza visa. Kabla ya lolote nenda kwa wakili wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa, akutazamie karatasi zako mwenyewe, maana masharti haya hubadilishwa mara kwa mara. Muulize pia kuhusu makazi: waombaji hutakiwa kuonyesha kuwa familia ina mahali pa kutosha pa kuishi, na mkataba wa kupanga ni rahisi kuueleza kuliko chombo kilichokuwa chini ya daraja hili juzi na leo kipo kwingine.

Usidhani nasema haya kwa kuzichukia boti. Mimi na marehemu mume wangu tuliishi kwenye boti ya namna hiyo, huko kati ya Braunston na Birmingham, na ningerudi kesho kama magoti yangu yangekubali kusukuma malango ya loki, vile vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha boti kwenye mfereji. Kwa hiyo nakuambia kama mtu aliyeoshea vyombo ndani ya upana usiofika mita mbili.

Sasa tuje kwenye hilo la kuishi bila kodi. Mzee hakukudanganya, ila alikata maneno katikati. Mifereji mingi ya England na Wales inasimamiwa na shirika la Canal & River Trust, lililoipokea kutoka British Waterways, msimamizi wa awali, mwaka 2012. Sheria ya British Waterways ya 1995 inasema boti isiyo na gati lake la kudumu, yaani mahali pake pa kuegesha, lazima iwe inasafiri kwa kweli muda wote wa leseni, na isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Watu hukamata hizo siku 14 na kulisahau neno kusafiri. Kutoka daraja hili kwenda lile, kisha kurudi, kisha kwenda tena, shirika halikubali kuwa ni safari. Sheria haikutaja umbali, lakini shirika limeshaeleza kuwa mtu ambaye mizunguko yake ya mwaka mzima haivuki maili 20, yaani kama kilomita 32, ni vigumu sana kuliridhisha. Usiporidhisha wanakupa leseni ya muda mfupi, ukiendelea wanakunyima, na mwisho wa njia hiyo boti huondolewa majini. Kazi yako si udhuru. Shule ya mtoto si udhuru. Ugonjwa, injini kuharibika au mfereji kuganda barafu, hapo wanakuongezea siku ukiomba.

Na leseni yenyewe si senti mbili. Kwa boti ya futi 57 inazidi pauni elfu moja kwa mwaka, na tangu Aprili 2024 wasio na gati wanatozwa nyongeza juu yake. Ilianza na asilimia 5 na imepangwa ipande hadi 25 mwaka 2028.

Hebu fikiria na mji ulipo. Birmingham imekaa juu ya uwanda, kwa hiyo karibu kila ukitoka unashuka ngazi za maji. Kwenda Wolverhampton na kuendelea mbele kuna loki 21. Ukielekea Warwick, zipo za Camp Hill, zipo za Knowle, kisha zinakusubiri 21 nyingine za Hatton zimepangana mlimani. Kusini kuna Tardebigge, loki 30 mfululizo, hakuna ngazi ndefu kuliko hiyo Uingereza nzima. Ukiwa peke yako kila loki itakula robo saa au zaidi: unaifunga boti, unapanda, unafungua vilango kwa mkono wa chuma, unasubiri maji, unasukuma lango kwa mgongo, unashuka, unaingiza boti, unaanza upya. Wewe umetoka zamu ya usiku. Utaifanya saa ngapi?

Utashawishika kubaki kwenye maji tambarare, maana kutoka katikati ya mji hadi juu ya Tardebigge ni kama maili 14 bila kushuka loki hata moja. Wengi hushawishika hivyo, na ndio hao wanaopokea barua za onyo za shirika.

Halafu kuna gari. Hakuna anayekuambia habari ya gari. Ukisogeza boti maili nane, gari linabaki ulikotoka. Unarudi kulifuata kwa baiskeli kandokando ya mfereji, kwenye matope, na saa mbili usiku unatakiwa uwe kazini kwa wazee wako. Mwendo wenyewe hauruhusiwi kuvuka maili 4 kwa saa, na ukipita boti zilizoegeshwa unapunguza zaidi, la sivyo kamba zao zinavutika na utatukanwa kwa Kiingereza ambacho hujafundishwa kazini.

Hayo yote yanapungua ukiwa na gati. Kwa hiyo kama bado unataka maisha haya, tafuta gati kwanza, boti baadaye. Lakini fungua macho: magati mengi ni ya burudani, unaweka boti yako ila huruhusiwi kuishi ndani. Gati la makazi lina ruhusa, lina anwani ambayo barua za hospitali na shule zitafika, pengine utalipa kodi ya halmashauri kama mwenye nyumba, na mara nyingi lina foleni. Bei yake ndiyo uiweke mbele ya zile 620 zako, usiweke leseni peke yake.

Sasa boti yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana wewe ni mtoto wa chombo na utanielewa.

Cheti anachojivunia mzee ni cha Boat Safety Scheme, hukaguliwa kila miaka minne. Kinatazama gesi, umeme, mafuta, moto, hewa. Unene wa chuma kilicho chini ya maji hakiugusi. Boti inaweza kuwa na cheti safi kabisa huku tumbo lake limeliwa na kutu mpaka limebaki jembamba. Boti nzuri za siku hizi huundwa kwa sakafu ya milimita 10, mbavu 6 na paa 4, ila za miaka ya nyuma nyingine zilianza na sakafu ya milimita 6 tu. Miaka 30 na zaidi majini, ukianza na 6, umebakiwa na ngapi? Jibu halimo machoni mwa mzee, limo kwenye kipimo cha mkaguzi anayegonga na kupima chuma kwa mawimbi ya sauti, boti ikiwa imetolewa majini. Kampuni za bima huanza kunung'unika chuma kikishuka chini ya milimita 4. Tena boti ya umri huo, nyingi hazitakupa bima kamili bila ripoti ya mkaguzi iliyo mpya, na bila bima hupati leseni. Kwa hiyo hicho alichokicheka utakilipia tu. Afadhali ukilipie kabla hujanunua, wakati ripoti bado inaweza kukushushia bei au kukurudisha nyumbani.

Mkaguzi umtafute wewe. Asiwe rafiki wa muuzaji. Gharama yake na ya kuitoa boti majini ni pauni mia kadhaa kila moja. Kubandika mabati mapya juu ya chuma kilichochoka ni maelfu.

Deheni ya huku ni lami. Kila baada ya miaka miwili au mitatu boti hutolewa, huoshwa kwa maji ya kasi, hukwanguliwa, hupakwa. Wapo wanaotumia rangi ya epoksi inayodumu zaidi, lakini inataka chuma kisafishwe hasa na bei yake imechangamka. Mzee akisema ilipakwa mwaka jana, muombe risiti ya yadi na picha. Lami mpya inapendeza, na inaficha mashimo vizuri vilevile. Chini ya maji kuna pia vipande vya magnesiamu vilivyochomelewa ubavuni, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya boti. Vikiisha, zamu ni ya boti. Na ukija kuchomeka umeme wa gatini bila kifaa cha kutenganisha waya wa ardhi, chuma chako kitaanza kuliwa kwa kasi kwa ajili ya boti za majirani. Hilo mashua ya baba yako haikulijua.

Injini ya dizeli inataka oili na filta kwa saa zake, mara nyingi kila saa 250. Pale shafti inapotoka nje kuna glendi, kizuizi cha maji kinachokazwa kwa grisi. Unaizungusha kila siku ya safari, na matone machache ni kawaida. Yakizidi, ngama inajaa, na pampu yake inategemea betri ambazo wewe umezimaliza kwa kuchaji simu na kompyuta. Rafadha, lile panga linaloisukuma boti, nayo hukusanya mifuko, nguo, hata zulia. Kuna mfuniko nyuma unaoufungua ukaingiza mkono kwenye maji ya barafu kuvitoa. Ukiurudisha bila kuukaza vizuri halafu ukawasha injini, rafadha itasukuma maji ndani na boti itazama kwa tezi, yaani kwa nyuma. Zimezama nyingi kwa namna hiyo. Nyingine huzama ndani ya loki: unaposhuka, karibu na lango la juu kuna ukingo wa zege chini ya maji, umechorewa alama nyeupe ukutani. Tezi ikikalia ukingo huo huku maji yanapungua, omo, yaani mbele, inaenda chini na tezi inabaki hewani. Dakika chache tu.

Umeme utautoa kwenye sola, ambayo kiangazi inatosha na Desemba inakutazama tu, au kwa kuwasha injini, ambayo kwa adabu ya mfereji haiwashwi kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa karibu na watu. Wewe unarudi asubuhi unataka kulala. Hapo ndipo utaruhusiwa kuiwasha, hatua chache kutoka kitandani mwako. Maji unajaza kwenye tangi lako kwenye bomba za mfereji. Choo, mwanangu, ni kasha unalolibeba mwenyewe mpaka mahali pa kulimwaga. Utazoea. Mkeo muulize yeye.

Lipo moja ambalo silifanyii mzaha. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa umelisikia nyumbani linavyoua watu usingizini, na boti ni chumba kilichofungwa hasa. Kengele ya kaboni monoksaidi ni lazima tangu mwaka 2019, na bomba la moshi lifagiliwe, kamba za kuzibia mlango wa jiko zibadilishwe. Mtoto wa miaka mitano avae jaketi la kuokolea kila akiwa nje, hata boti ikiwa imefungwa, na aanze masomo ya kuogelea kabla ya kuingia humo. Maji ya mfereji si ya kina kirefu, lakini ukuta wa loki hauna pa kushika.

Karatasi za umiliki. Boti hizi hazina hati kama ya nyumba. Namba iliyopigwa ubavuni ni ya leseni, haithibitishi mwenye mali. Dai mlolongo wa hati za mauzo kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine, risiti za gati, za yadi, za injini. Uliza kwa maandishi kama ina mkopo. Mtu anayeharakisha "kabla ya mwisho wa mwezi" na anakataa mkaguzi, karatasi zake uzitazame mara mbili.

Tuje kwa mkeo. Ukisoma barua yako utaona umemwandika kama shida, lakini maneno yake ndiyo ya mtu pekee aliyezungumzia baridi. Familia za wasafirisha makaa wa mifereji hii ziliishi na watoto kwenye chumba cha nyuma chenye urefu wa kama mita tatu, kwa sababu nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya shehena. Waliishi hivyo kwa kukosa, si kwa kupenda. Mkeo atakuja kutoka Pangani, hajui mtu, wewe unalala mchana, mvua inapiga bati, mtoto anataka kukimbia. Halafu kila wiki mbili jirani anabadilika. Mwanamke akikataa hilo hajawa mgumu. Muulize angekubali nini: pengine gati la makazi lenye umeme na majirani, baada ya mwaka mmoja nchi kavu, pengine asikubali kabisa. Akikataa kabisa, suala limekwisha, na shemeji zako wasiingizwe.

Kiwanja ni habari nyingine, nisiwaunge mkono kwa haraka. Ila kweli moja wanayo: boti hushuka thamani huku ukiilisha. Kwa chombo cha 1994 mimi ningetenga pauni 200 kila mwezi zisizoguswa, kando ya leseni, bima, dizeli na makaa, na kuna miaka zisingetosha. Pia deni la rafiki lisilo na riba halina tarehe, na lisilo na tarehe hudaiwa siku ambayo yadi imekupigia simu.

Kwa sasa fanya hivi. Kodi boti ya namna hiyo siku tatu au nne, si Julai bali mwezi Machi zinapoanza kukodishwa, ushuke Tardebigge na upande tena. Jiunge na kikundi cha wanaojitolea kwenye loki. Utafundishwa bure, na watu hao ndio wanaojua gati lipi linaachwa na boti ipi ina historia. Akiba ibaki benki, kwa jina lako, bila kutikiswa. Mkeo akishafika na akaridhia, utanunua ukiwa na mkaguzi wako, gati lako na fedha yako mwenyewe.

Na yule mzee mwambie hivi: uko tayari kuzungumza bei baada ya boti kutolewa majini na kupimwa kwa gharama yako. Akikataa, amuuzie huyo mwenye taslimu.